Mama Mkubwa na Sauti ya Daktari wa Ulaya: Kisa cha Chanjo ya UVIKO-19 Tanzania

Agosti 2021, Jumapili mchana, nilikwenda Temeke kumsalimia mama mkubwa. Nilimkuta barazani anachambua mchele, simu ameilaza juu ya kigoda, inaongea peke yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyetulia, Kiswahili chake safi, aliyejitambulisha kuwa daktari anayeishi Ulaya. Alikuwa anasema anayechanjwa leo, miaka miwili ijayo hatakuwepo. Mama mkubwa akaisikiliza mpaka ikaisha, akapepeta ungo mara mbili, ndipo akapokea shikamoo yangu.

"Marahaba. Na wewe umechanja?"

Nikamwambia nimechanja, Alhamisi iliyopita.

Akanitazama bega, kana kwamba kuna kitu kitachomoza. "Haya. Basi tutakuzika vizuri."

Alikuwa anatania, ila si sana.

Mama huyu amezaa watoto sita na wote aliwapeleka kliniki. Kadi zao anazo hadi leo, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za kiwanja, na mojawapo ina doa la mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kuwachanja mabinti wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, mjukuu wake alisitasita, na ni yeye aliyemsukuma aende. Hajawahi kuwa mtu wa kuogopa sindano. Kwa hiyo swali langu tangu siku ile limekuwa hilo: huyu anayekataa chanjo ya korona ni nani, na amekuwa lini?

Yapo maelezo mepesi, na niliyasoma mengi mwaka ule. Elimu ndogo, imani potofu, WhatsApp. Mimi siyakubali, angalau si kwa namna yalivyosemwa. Tanzania ni nchi ambayo kwa miaka mingi kabla ya korona watoto walio wengi walikuwa wanamaliza dozi zao za kliniki. Watu wa namna hiyo hawawi wabishi wa chanjo kwa usiku mmoja. Ninavyoona mimi, mama mkubwa hakukosa kusikiliza. Alisikiliza, na alishika alichofundishwa.

Tuanzie Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16, msafiri aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Wiki za mwanzo nchi ilifanya kama wengine: shule zikafungwa, ndoo za maji tiririka zikawekwa mbele ya kila duka, waziri wa afya akawa anasoma takwimu. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akiwa Chato, akaeleza kwamba maabara ya taifa ilipelekewa kwa siri sampuli za papai, fenesi, mbuzi na vinginevyo, zimebandikwa majina na umri wa watu, na kwamba baadhi zilirudi na majibu kuwa zina korona. Siku chache baadaye takwimu zikakoma. Hesabu ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na mashirika ya dunia yakaendelea kuinukuu zaidi ya mwaka, kama mtu anayesoma saa iliyosimama. Mwezi Juni rais akatangaza kwamba Mungu amejibu maombi, korona imeondoka.

Kitu ambacho watu wa nje hawakukipa uzito ni kwamba Magufuli alikuwa mkemia, na shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kemia hiyohiyo. Kijiweni, ukijaribu kuhoji habari ya papai, ulikuwa unajibiwa kwa swali moja tu: wewe umesoma nini?

Halafu ikaja tarehe 27 Januari 2021. Alikuwa Chato tena, akizindua shamba la miti. Hapo ndipo alipoigusa chanjo yenyewe. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hii: kama hao Wazungu wanajua kutengeneza chanjo, mbona ya UKIMWI hatujaiona, mbona malaria bado inatuua, mbona saratani haina? Akaitaka Wizara ya Afya isikimbilie chanjo, Watanzania wasigeuzwe wa kujaribiwa. Akaongeza kwamba wapo Watanzania waliokwenda kuchanjwa nje na ndio waliorudi na korona ya ajabu.

Ukiitazama kwa utulivu, hoja ya UKIMWI si hoja. Kirusi cha UKIMWI kinajificha ndani ya chembe za kinga zenyewe na kujibadilisha kila siku, na hakuna mgonjwa wa kawaida anayepona kwa kinga yake mwenyewe. Kirusi cha korona, watu wengi mwili unakishinda, ndiyo maana chanjo iliwezekana: inawafundisha askari wa mwili kazi ambayo wana uwezo nayo. Jibu hilo linachukua nusu dakika kulieleza. Lakini nani angelitoa, na kwa maikrofoni ipi? Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, aliitisha waandishi wa habari Dodoma. Akasema wizara haina mpango wa kupokea chanjo, kisha mbele ya kamera ikaonyeshwa namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili.

Mama mkubwa aliitazama taarifa hiyo. Jioni akanunua tangawizi kilo nzima.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye maneno, maana maneno ya miezi ile yalikuwa na kisa chao. Korona ilikuwa imeshaondoka, rais alisema, kwa hiyo aliyebanwa kifua Januari na Februari 2021 hakuweza kuwa na korona. Ikazaliwa "changamoto ya upumuaji". Lilikuwa neno la heshima, la msibani. Ukiuliza marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini, unaambiwa changamoto ya upumuaji, na unayeuliza unaitikia kwa kichwa, na wote wawili mnajua. Wengine walisema nimonia. Nilihudhuria misiba minne kati ya Januari na Machi, na katika yote minne sikusikia neno korona likitamkwa kwa sauti ya kawaida. Lilitamkwa nje, karibu na masufuria, kwa kunong'ona.

Huu ndio uvumi ninaoutaka uonekane katika kisa hiki. Tumezoea kudhani uvumi unatoka chini kwenda juu: mtaani kuna uzushi, serikalini kuna ukweli. Mwanzoni mwa 2021 mambo yalikuwa yamepinduka. Ukweli ndio ulionong'onwa kama uvumi, na uzushi ndio uliokuwa na maikrofoni. Maaskofu Katoliki walijaribu. Mwishoni mwa Januari Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, rais wa Baraza la Maaskofu, aliwaandikia viongozi wa kanisa kwamba nchi yetu si kisiwa na kwamba wimbi jipya lipo. Mwezi Machi katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, akasema wamezika mapadri zaidi ya 25 na masista 60 ndani ya miezi miwili. Tarehe 17 Februari nchi ilipoteza watu wawili wakubwa kwa siku moja: Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ameambukizwa, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Siku chache baadaye zikavuma habari kwamba Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, naye amefariki. Akatolewa mbele ya kamera Dodoma kuonyesha kwamba yu hai. Alikuwa hai kweli, lakini alikohoa kwa namna iliyowafanya watazamaji wakamate vifua vyao. Sijawahi kuona kanusho lililotisha kuliko uvumi lililokuja kuukanusha.

Machi 17 Rais Magufuli akafariki, ikatangazwa kuwa ni maradhi ya moyo. Machi 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na kwa utaratibu mzuri, nami nitayapita haraka. Aprili akasema suala la korona halitapokelewa au kukataliwa bila utafiti, akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud. Mei 17 kamati ikawasilisha mapendekezo: takwimu zirudi, chanjo ije, iwe ya hiari. Ugonjwa ukapewa jina rasmi, UVIKO-19. Julai 24 zikatua Dar es Salaam dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Julai 28 rais akachanjwa hadharani Ikulu, pamoja na viongozi wengine wakiwemo wa dini. Alisema yeye ni mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu, na kwamba asingejiingiza kwenye hatari kwa kujua. Akakumbusha pia kwamba mwilini mwake tayari zimo chanjo nyingi alizopigwa tangu utotoni. Ilikuwa hotuba nzuri, ya mtu mzima anayezungumza na watu wazima.

Tatizo lilikuwa kwenye picha ya uwanja wa ndege. Aliyesimama kupokea makasha yale, uso umefunikwa na barakoa, alikuwa Dk. Gwajima yuleyule. Februari tangawizi, Julai chanjo. Simlaumu mtu kwa kubadili msimamo; daktari asiyebadili msimamo ushahidi ukibadilika, mkimbie. Lakini katika yote niliyoyasikiliza kipindi kile, sikumsikia mtu wa serikali akikaa chini na kusema: Januari tuliwaambia hivi, tulikosea hapa na hapa, na sasa tunajua zaidi. Waligeuza gari na kuendelea kuendesha kana kwamba barabara ni ileile. Abiria waliona mti waliokwisha kuupita unarudi dirishani, wakaanza kuulizana.

Mama mkubwa aliniwekea hoja yake kama mwanasheria. "Mwezi wa pili walituambia tusichanje. Mwezi wa saba wanatuambia tuchanje. Ama walitudanganya mwezi wa pili, ama wanatudanganya sasa. Mimi nitajuaje ni lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Hata leo nikilijibu naanza kwa kukubali kwamba ni swali la haki.

Penye nafasi ya swali hilo ndipo zilipoingia zile sauti za WhatsApp. Zilikuwa za aina nyingi, na nyingine zilichekesha: eti ukibandika shilingi mia pale ulipochomwa, inanasa kama kwenye sumaku. Mpwa wangu alijaribu na sarafu ilinasa kweli, kwa sababu alikuwa na jasho. Nyingine zilihusu uzazi na nguvu za kiume, na hizi hazikuwa ngeni kabisa. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kusambazwa, vilisingiziwa jambo hilohilo. Mwaka 2008 huko Morogoro, watoto wa shule za msingi walipogawiwa dawa ya kichocho na minyoo, ilivuma kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule kuwachukua wanao, zoezi likasimamishwa. Dawa ya kichocho inajulikana kwa kusokota tumbo na kuleta kizunguzungu, hasa kwa mtoto asiyekula. Wazazi hawakuwa wameelezwa hivyo. Waliona watoto wanaanguka, basi.

Na ukirudi nyuma zaidi unamkuta mumiani. Bibi zetu walikuzwa wakiambiwa kuna watu, wenye magari au makoti, wanaokamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa ya Wazungu. Mwaka 1959, hapa Buguruni, uvumi wa mumiani ulizua ghasia zilizoua. Wanahistoria wana maelezo yao kuhusu ukoloni na namna damu ilivyochukuliwa kwa vipimo bila maelezo. Mimi nasema tu kwamba Mwafrika wa pwani aliyesikia 2021 kuwa kitu cha bure kimeletwa na Marekani kuingizwa mwilini mwake, alikuwa na kabati zima la hadithi za kukipachika. Hakuhitaji kufundishwa na mtu wa Ulaya.

Nina kumbukumbu moja ya ajabu kuhusu wiki ile ya uzinduzi. Julai 30, siku mbili baada ya rais kuchomwa sindano, alifariki Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Vijana labda hawakumbuki, lakini mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, foleni ya magari kilomita kwa kilomita, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri. Mama mkubwa alichangisha nauli ya kumpeleka mdogo wake mwenye kisukari. Nikamuuliza siku ile barazani: Babu hakuwa na cheti cha maabara wala utafiti, mbona kikombe ulikiamini? Akanijibu bila kufikiri: "Babu alikuwa anakunywa na watu. Na hakubadili maneno."

Liandike jibu hilo ukutani, wewe unayefanya kazi ya elimu ya afya.

Sasa kuna uvumi mmoja ninaotaka kuuchambua peke yake, kwa sababu ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na kwa hiyo ndio uliofanya kazi kubwa kuliko sumaku zote. Ulisema: chanjo hii imesimamishwa Marekani kwenyewe kwa sababu inagandisha damu, ndiyo maana tumeletewa sisi. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Aprili 13, 2021 mamlaka za Marekani zilisitisha Johnson & Johnson baada ya kuonekana watu sita waliopata damu kuganda kwa namna ya hatari, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokwisha kutolewa. Siku kumi baadaye wakairuhusu tena, ikiwa na onyo. Yaani ungejaza Jiji lote la Dar es Salaam, la watu zaidi ya milioni tano, ukawachoma wote, kwa hesabu ya siku zile ungetarajia wachache wa kuhesabika kwa vidole. Wakati huohuo watu wa umri wa mama mkubwa waliokuwa wanalazwa kwa UVIKO walikuwa wanakufa kwa idadi isiyohesabika kwa vidole.

Jibu lilikuwepo. Lakini vipeperushi nilivyoviona vilisema tu "chanjo ni salama". Maneno matatu dhidi ya sauti ya dakika sita yenye tarehe, jina la kampuni na jina la nchi! Mtu aliyekwisha kusikia habari ya damu kuganda, ukimwambia "ni salama" bila kuigusa, anahitimisha kwamba ama hujui ama unaficha. Na kituoni unapewa fomu ya ridhaa uisaini kabla ya kuchomwa. Utaratibu mzuri kabisa wa kitabibu, lakini kwa macho ya mtu mwenye shaka ulikuwa ushahidi: kama ni salama, mbona mnataka nisaini?

Wahudumu wenyewe walisita. Hili halikusemwa sana. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba wiki ya kwanza alikuwa anawachoma watu asubuhi na yeye mwenyewe hajachomwa, na mtu akimuuliza "wewe je?" anageukia kwenye kasha la barafu kana kwamba kuna kitu anatafuta.

Ndipo likaja sakata la Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala, ambaye madhabahuni kwake aliwaonya waumini wasichanjwe. Jina la ukoo ni lile la waziri, na mitandao ilifurahi nalo sana. Agosti waziri akaagiza vyombo vya dola vimhoji. Mwisho wa mwezi Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili. Kisheria sina la kusema. Kwa upande wa chanjo, nadhani kilikuwa kipigo cha kujitakia. Askofu aliyekuwa anahutubia kanisa lake sasa alikuwa anahutubia taarifa ya habari, na kila aliyekuwa na shaka akapata hoja mpya: wanamfunga mdomo, maana yake kuna jambo. Na askofu alikuwa na karata moja ambayo waziri hakuweza kuichukua. Yeye alikuwa anasema Agosti kile ambacho serikali yenyewe ilikuwa inasema Februari. Yeye ndiye hakubadili maneno.

Katikati ya Septemba, katika zile dozi milioni moja na ushee ambazo zisingetosha hata watu wawili kwa kila mia, zaidi ya nusu zilikuwa hazijatumika, na kila kichupa kina tarehe yake ya kuisha muda. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado hawafiki watano kwa kila mia. Kufikia 2023 walikuwa wamevuka nusu ya Watanzania wote.

Nini kilitokea katikati? Watu wa mawasiliano wangependa kusikia kwamba ujumbe uliboreshwa. Uliboreshwa kidogo. Ninachokiona mimi ni jambo la miguu zaidi kuliko la mdomo. Mwanzoni chanjo ilikuwa kwenye vituo 550 nchi nzima. Kwa mama anayeuza vitumbua, hiyo ilikuwa nauli, foleni, na siku moja ya biashara, yote kwa ajili ya kitu ambacho hana hakika nacho. Septemba 2021 ukaanza mpango walioupa jina la Shirikishi na Harakishi, na chanjo ikatoka hospitalini: meza sokoni, meza stendi, meza kwenye minada, kisha nyumba kwa nyumba na mjumbe wa mtaa mbele. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaojua nani ana mimba na nani ana kifua kikuu, wakapewa kazi. Takwimu zikaanza kusomwa tena. Johnson & Johnson kuwa dozi moja kulisaidia mno, kwa sababu mtu aliyeshawishika leo huhitaji kumshawishi tena mwezi ujao. Na muda nao ulifanya kazi yake: majirani waliochanja mapema hawakufa. Miaka miwili ya daktari wa Ulaya ilipita, nami nilikuwa bado nakwenda Temeke kula wali.

Nisiwe mpigadebe, hata hivyo. Mawimbi yaliyoua sana yalikuwa ya 2021, na Omikroni, aina mpya ya kirusi, ilishapita mwanzoni mwa 2022. Sehemu kubwa ya hao waliovusha nusu ya nchi walichanjwa baada ya kishindo. Watendaji wa kata walikuwa na malengo ya kutimiza, na lengo likishabandikwa ukutani, kuna watu wanaochanjwa ili mtendaji apumzike. Miezi iliyopotea kati ya Januari na Julai 2021 haikurudi, na hatutajua imebeba wangapi, maana waliandikwa changamoto ya upumuaji.

Mama mkubwa alichanja 2022. Nilitumia karibu mwaka mzima kumtumia maelezo, michoro, video za maprofesa, na hakuna hata moja iliyofanya kazi, nyingi hakuzifungua. Aliyefanikiwa ni muuguzi wa zahanati ya mtaani kwao, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, aliyekuja nyumba kwa nyumba na kasha la barafu begani na mjumbe nyuma yake. Nilikuwepo. Mjumbe alianza hotuba, yule muuguzi akamkatiza kwa mkono.

"Dada, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Ulimchoma Asha surua akakupiga teke."

"Sasa nimekuja kwako. Nimechanja mwenyewe, nilishikwa na homa siku moja, mkono ukauma siku mbili. Na wewe utapata homa. Ukipata maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, au mguu ukivimba, wiki hizi tatu, njoo kwangu hata usiku. Kuna wachache sana damu inawaganda. Ni wachache, lakini nakuambia."

Mama mkubwa alimtazama muda mrefu. "Mwezi wa pili ule ulikuwa unasemaje?" akamuuliza.

"Nilikuwa nasema kama walivyoniambia niseme," yule mama akajibu. "Na nilimzika kaka yangu."

Mama mkubwa akavuta kanga, akatoa bega.

Usiku alipata homa, akajifukiza nyungu ya mchaichai na majani ya mwarobaini, akalala. Asubuhi akanipigia kunikataza nisimwambie mtu yeyote, hasa jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa anamtumia zile sauti. Kadi ya chanjo akaichimbia chini kabisa ya mfuko wa nailoni. Ikapita miezi kama minane. Siku moja wanachambua mchele pamoja, jirani akaulizwa na mwanaye kuhusu safari ya umra na kama amepata cheti. Jirani akainuka kwa aibu, akaingia ndani kwake, akarudi na kadi yake. Ilikuwa na tarehe ya Oktoba 2021.